Jumapili za Mlimani: Umaksi Ulivyosomwa Dar es Salaam

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walivaa majoho yao ya taaluma wakashika njia hadi Ikulu. Hawakwenda kulaani ubeberu wala unyonyaji. Walikwenda kulalamikia Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila mhitimu alitumikie taifa kwa miaka miwili, na kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo alipwe asilimia 40 tu ya mshahara ambao angeupata kazini. Bango mojawapo lilidai kuwa enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akaisikiliza risala yao, kisha hasira ikampanda. Kama shida ni mishahara, alisema, basi mishahara ya wakubwa wote imezidi, ukiwamo wa kwake. Akaukata wa kwake kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao.

Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu chuo kianze na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama tawala, TANU, mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mlima huo ukaanza kutazamwa na watu wa mjini kama makazi ya mabwana wapya, wale walioitwa manaizi kwa sababu walirithi viti vya Wazungu pamoja na nyumba na magari yao. Maandamano ya Oktoba yalithibitisha shaka hiyo. Kijana aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima alikuwa tayari amejihesabu kuwa mtu wa daraja jingine kabla hata hajapokea mshahara wa kwanza.

Mambo yalikwenda kasi baada ya hapo. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, mabenki na makampuni makubwa yakataifishwa, na viongozi wakawekewa miiko. Mwezi uliofuata chuo kiliitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Kisha, Novemba 1967, kundi dogo la wanafunzi likaanzisha chama kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, umoja wa wanafunzi wa Kiafrika wenye msimamo wa kimapinduzi. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Ankole, Yoweri Museveni. Walikuwamo pia Issa Shivji wa kitivo cha sheria, na baadaye Karim Hirji wa hisabati, Henry Mapolu, Zakia Meghji na wengine kutoka Uganda, Kenya, Malawi na kwingineko.

Hawa ndio waliokwenda kutafuta vitabu vya Marx, Engels na Lenin. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulisahau. Ujamaa wa Nyerere haukuwa Umaksi. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 alieleza kwamba ujamaa wa Kiafrika unaanzia katika udugu wa familia pana na hauhitaji vita vya matabaka, kwa kuwa Mwafrika wa jadi hakuishi katika matabaka. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefungua kitabu cha Lenin hakuwa anajifunza tu falsafa ya mbali. Alikuwa anaingia katika eneo ambalo chama tawala kilikuwa kimeshalizungushia ua, huku chama hichohicho kikiwaambia watu wajenge ujamaa.

Mji wenyewe uliwasukuma. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake hapo mwaka uliofuata. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini walikuwa majirani. Mwanafunzi angeweza kumsikiliza kiongozi wa Frelimo, Eduardo Mondlane, akihutubia, na Februari 1969 akasikia kwamba ameuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Museveni na wenzake walikuwa wameshafika maeneo yaliyokombolewa na Frelimo mwaka 1968. Katika mji kama huo, swali la nani anapigana na nani, na kwa nini, halikuwa la kitabuni.

Mwalimu aliyekuja kuhusishwa zaidi na kipindi hicho ni Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, aliyefika mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24 na shahada ya udaktari kutoka London. Huko alikuwa amesoma Umaksi katika kundi lililokutana na mwanafikra wa Kimaksi C.L.R. James. Aliondoka kwenda kufundisha Jamaica, akapigwa marufuku kurudi nchini humo Oktoba 1968, na mwaka 1969 akarejea Mlimani, alikobaki hadi 1974. Wanafunzi walianzisha madarasa ya itikadi ya kila Jumapili, na Rodney akahudhuria kama ndugu mwenzao. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Wasomaji walipangiana matini, mmoja akafungua mjadala, wengine wakambana. Mwanafunzi angeweza kumpinga mhadhiri, na mhadhiri alitakiwa ajibu hoja.

Kiini cha walichokisoma kinaelezeka bila maneno mazito. Uyakinifu wa kidialektiki unashika mambo mawili. La kwanza, dunia ipo kabla ya mawazo yetu juu yake, na mawazo hayo huota katika maisha tunayoishi. La pili, kila kitu kinabadilika, na chanzo kikuu cha mabadiliko ni ukinzani uliomo ndani ya kitu chenyewe. Mabadiliko madogo hulundikana kimyakimya hadi yanapozaa hali mpya kabisa, kama maji jikoni yanavyopanda joto nyuzi moja moja, kisha yakageuka mvuke. Uyakinifu wa kihistoria unazipeleka kanuni hizo katika jamii. Kabla ya siasa, sala na mashairi, watu lazima wale, wavae na walale. Namna wanavyoizalisha riziki hiyo ina pande mbili: nguvu za uzalishaji, yaani zana, ujuzi na kazi ya binadamu, na mahusiano ya uzalishaji, yaani ardhi na zana ni za nani, kazi anaifanya nani, na ziada inakwenda wapi. Juu ya msingi huo ndipo zinapojengwa sheria, elimu na dola. Nguvu za uzalishaji zikikua hadi mahusiano ya zamani yakawa pingu, mapambano ya matabaka hukolea na mfumo mmoja huupisha mwingine.

Yakikaririwa hivyo, maneno haya hayamsaidii mtu. Uzito wake huonekana yanapoingizwa shambani. Chukua mkonge wa Tanga. Vitabu vya enzi ya ukoloni vilisimulia kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na kutokana na hiyo likaota zao kuu la nchi. Hadithi ni ya kweli, lakini haina watu. Mtu aliyesoma uyakinifu wa kihistoria angeuliza nani aliyekata majani ya mkonge huo, na nini kilichomtoa kwao. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza mazao au kuuza nguvu za mwili. Mahali pasipokuwa na zao la biashara wala reli ya karibu, palibaki kuuza nguvu. Ndivyo watu wa Kigoma, Songea, Njombe na hata Ruanda-Urundi walivyojikuta manamba katika mashamba ya Tanga na Morogoro, huku kwao mashamba ya chakula yakiachiwa wanawake na wazee. Mikoa hiyo ikaja kuitwa iliyobaki nyuma, kana kwamba historia iliipita bila kuigusa. Kumbe historia ndiyo iliyoifanya ghala la vibarua.

Hoja hiyo, ya kwamba utajiri wa upande mmoja na ufukara wa upande wa pili ni matunda ya mchakato mmoja, Rodney aliipanua hadi ikalienea bara zima katika kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitoka mwaka 1972, kikichapishwa London na Dar es Salaam kwa pamoja, na upande wa hapa mchapishaji alikuwa Tanzania Publishing House. Kabla hakijawa kitabu, hoja zake zilikuwa zimechujwa katika mabishano ya Mlimani.

Wana-USARF hawakutosheka na kusoma. Mwaka 1968 waliivuruga sherehe ambayo wanafunzi walikuwa wameirithi kutoka vyuo vya Uingereza: siku moja kwa mwaka walivaa matambara, wakapanda malori na kuzunguka mjini wakichekesha watu ili kukusanya sadaka kwa ajili ya maskini. Kwa USARF hiyo ilikuwa dhihaka. Msomi anayesomeshwa na maskini anavaa nguo za maskini kwa mzaha, kisha anarudi bwenini kula chakula kilichopikwa na kupakuliwa na wengine. Waliwazuia wenzao wasitoke, na sherehe ikafa. Wenyewe walikwenda kufanya kazi katika vijiji vya ujamaa, ambako wengine waligundua haraka kwamba nadharia ya mkulima na mkulima mwenyewe ni vitu viwili.

Onyo la kwanza kutoka juu lilikuja Desemba 1969. Rodney alitoa mada katika semina ya vijana jijini, akasema kwamba tawala nyingi zilizorithi uhuru barani zimegeuka mawakala wa mabeberu, na kwamba mapinduzi ya kweli bado. Nationalist, gazeti la TANU, likamjibu kwa tahariri kali iliyoyaita maneno yake porojo za kimapinduzi, na wengi mjini waliamini kwamba kalamu ilikuwa ya mkubwa sana. Rodney aliandika kujieleza kwa adabu, bila kuukana msimamo wake.

Mwezi mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetoka toleo la kwanza la jarida la wanafunzi, Cheche. Jina lilirejelea Iskra, gazeti la Lenin, na pia gazeti la Nkrumah, yote mawili yakiwa na jina lenye maana ya cheche. Mhariri mkuu alikuwa Hirji, akisaidiwa na Mapolu na Zakia Meghji. Lilikuwa jarida la kimaskini: maandishi yalipigwa taipu kwenye stensili, kurasa zikatolewa kwa mashine ya kudurufu, zikapangwa kwa mikono na kubanwa kwa pini. Lakini lilisomwa mbali kuliko majarida mengi yenye jalada la kung'aa.

Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye makala moja tu ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kimyakimya ya matabaka nchini Tanzania. Hapo Jumapili za Mlimani zilifikia kilele. Shivji hakukaa kubishana kama Afrika ya jadi ilikuwa na matabaka. Alichukua orodha ya makampuni yaliyotaifishwa na ya ubia, akauliza maswali ya kawaida kabisa ya uyakinifu wa kihistoria: nani anamiliki, nani anaendesha, ziada inakwenda wapi. Majibu yaliumiza. Hisa nyingi zilikuwa za umma, lakini kampuni za kigeni zilibaki ndani kwa mikataba ya uendeshaji, zikalipwa ada, zikauza mitambo na vipuri, na kuamua kiwanda kizalishe nini. Katikati yao na wavujajasho walikaa maofisa wa dola na mashirika ya umma, ambao hawakumiliki kiwanda hata kimoja kwa jina lao lakini walikuwa na mamlaka juu ya vyote. Baadaye Shivji aliwaita mabwanyenye wa kirasimu.

Kutaja kupe na mirija kulikuwa kumezoeleka. Kila mkutano wa TANU uliwalaani wanyonyaji, na mara nyingi mnyonyaji huyo alikuwa mgeni, mwenye duka au mwenye nyumba ya kupangisha. Kuuliza kama kupe anaweza kuwa na ofisi ya serikali, dereva na kadi ya chama, hilo lilikuwa jambo jingine.

Novemba 1970, USARF na Cheche vilipigwa marufuku kwa pamoja. Maelezo yalikuwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe, haina haja ya itikadi za kuazima, na kwamba vijana wenye ari wanayo TANU Youth League. Jina la jarida nalo lilionekana kunuka Urusi. Wiki chache kabla, tarehe 26 Oktoba, Nyerere na Kaunda wa Zambia walikuwa wamezindua jijini ujenzi wa reli ya TAZARA kwa mkopo na mafundi wa China ya Mao, na hakuna aliyelalamika kwamba reli hiyo ilikuwa ya kuazima. Kilichokatazwa kilikuwa ni swali kuhusu nyumbani. Vijana walihamia kwenye tawi la Youth League, wakaanzisha jarida jipya lililoitwa MajiMaji. Jina hilo lilikuwa la hapahapa, lisiloweza kupingwa na yeyote, na hoja zikaendelea.

Hoja hizo zilikuwa zimeshashuka kutoka mlimani. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 ulisema waziwazi kwamba kiongozi hapaswi kuwa mwenye majivuno, anasa wala uonevu. Wafanyakazi waliuchukua neno kwa neno. Migomo ilifuatana viwandani, na mara nyingi kilichodaiwa hakikuwa nyongeza ya mshahara bali heshima: meneja aliyetukana watu aondoke. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walimfungia mwenye kiwanda nje na kuendesha kazi wenyewe. Chuoni, Julai 1971, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi akilalamikia uongozi wa mabavu. Askari wa kutuliza ghasia, FFU, waliingia Mlimani wakamchukua, akarudishwa kwao, na wanafunzi wakagoma.

Wakati huohuo chuo kilikuwa kinaubeba Umaksi kwa njia nyingine. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo lake likawa la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa udaktari, uhandisi au fasihi. Kwa upande mmoja huo ulikuwa ushindi mkubwa. Ni vyuo vichache barani vilivyomtaka mhandisi ajue ubeberu ni nini. Kwa upande wa pili, somo lenye mtihani hudai jibu sahihi, na jibu sahihi hudai orodha. Orodha iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya ngazi tano: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Mpangilio huo ulienezwa hasa na andiko la Stalin la mwaka 1938. Marx mwenyewe, katika barua yake ya 1881 kwa mwanamapinduzi wa Urusi Vera Zasulich, alikataa kwamba njia iliyopitiwa na Ulaya Magharibi ni lazima ipitiwe na kila jamii. Barua hiyo haikufaa kwa maswali ya kuchagua jibu, na ngazi tano zikashinda.

Orodha hiyo iliteremka hadi sekondari, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amejifunza kwamba nyarubanja ya Wahaya, ubugabire wa Warundi na Waha, na umwinyi wa pwani ni mifano ya ukabaila. Nyarubanja ilikuwa hivi: mtawala alimgawia mtu wake eneo lenye mashamba ya migomba pamoja na wakulima waliomo, na kuanzia siku hiyo wakulima hao wakadaiwa sehemu ya mazao, pombe na utumishi. Hadi hapo kisanduku cha ukabaila kinatosha. Lakini utaratibu huo ulitanuka ndani ya ukoloni, kahawa ilipoipa ardhi ya Bukoba thamani mpya na watawala walipopata mgongo wa serikali ya kigeni. Kwa maneno mengine, kilichoandikwa kuwa mabaki ya kale kilinenepeshwa na soko la dunia. Serikali huru iliufuta kwa sheria katika miaka ya 1960. Mwanafunzi anayekariri kisanduku haoni msukumo huo. Anayeuliza ziada ilikwenda wapi, atauona.

Mjadala mkali zaidi ulikuja baada ya Shivji kutoa kitabu chake kuhusu mapambano ya matabaka nchini Tanzania mwaka 1976. Mlimani palikuwa pamejaa Waganda waliomkimbia Idi Amin. Dani Nabudere na Yash Tandon walishikilia kwamba tabaka linalotawala Afrika ni mtaji wa fedha wa mabeberu, na kwamba kuwaita maofisa wa nchi tabaka tawala ni kumsahau bwana kwa kumtazama nyapara. Shivji na Mahmood Mamdani waliona kwamba bila kuyachambua matabaka ya ndani, neno ubeberu linageuka kisingizio cha wakubwa wa hapa. Ilionekana ugomvi wa maprofesa hadi Amin alipoanguka mwaka 1979, na baadhi yao wakajikuta serikalini Kampala, wakitakiwa kuamua ndani ya siku chache nani rafiki na nani adui.

Kipimo kizuri zaidi cha mafunzo hayo kilikuwa kimetokea mwaka mmoja kabla. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliingia tena barabarani, safari hii kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Polisi waliwakabili, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Ndani ya miaka 12, chuo kilekile kilikuwa kimetoa maandamano mawili yenye adhabu ileile na madai yaliyopishana kabisa. Wa 1966 walidai wasipunguziwe chao. Wa 1978 waliuliza kwa nini viongozi wa wakulima na wafanyakazi wajiongezee. Sababu zilikuwa nyingi, hali ngumu ya uchumi ikiwamo, lakini ni vigumu kuyaeleza mageuzi hayo bila Cheche, MajiMaji na Mwongozo.

Wenyewe waliosoma pamoja hawakuishia pamoja. Museveni alitwaa madaraka Uganda mwaka 1986 na bado anatawala. John Garang, aliyepita Mlimani katika kipindi hicho, aliongoza vita vya Sudan Kusini. Zakia Meghji akawa waziri wa fedha wa Tanzania mwaka 2006, katika zama ambazo mashirika mengi ya umma yalikuwa yameshauzwa na miiko ya Arusha ilikuwa imelegezwa tangu Azimio la Zanzibar la 1991. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Shivji alibaki, akafundisha sheria, akaandika juu ya ardhi na katiba, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha chuo hichohicho.

Mbinu ile haikuwahakikishia waliojifunza msimamo wa kudumu, na mbinu yenyewe inaeleza kwa nini: mtu anapohama nafasi katika uzalishaji na utawala, mawazo yake huanza kuhama naye. Kinachoweza kurithiwa ni namna ya kuuliza, na namna hiyo haihitaji maktaba kubwa. Mwalimu wa historia anayetaka kidato cha pili kielewe mahusiano ya uzalishaji anaweza kuwaacha wanafunzi wake wamalize nyarubanja, kisha awatume kwa kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba. Wamuulize pikipiki ni ya nani, anapeleka hesabu ya shilingi ngapi kwa siku, mafuta na matengenezo ni juu ya nani, akiugua nani anabeba hasara, na itachukua muda gani hadi chombo kiwe chake. Wakirudi na majibu hayo darasani, wayaweke ubaoni kando ya fasili ya kitabu, na mjadala uanzie hapo.